Baba amekataa dawa ya kuzuia kiharusi, nami namtilia kwenye uji

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 39, nashona na kurekebisha nguo za mitumba Gikomba, na naishi Umoja na watoto wangu wawili pamoja na baba yangu. Baba ana miaka 74. Alianza kazi ya reli akiwa kijana huko Voi, akastaafu akiwa hapa Nairobi, na tangu mama afariki mimi ndiye ninayemtunza.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, alianza kulalamika kwamba moyo unamkimbia. Tunakaa ghorofa ya tatu, na akipanda ngazi alikuwa anasimama mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Nilimpeleka hospitali wakampima umeme wa moyo. Wakasema mapigo yake hayana mpangilio, damu inaweza kuganda ndani ya moyo, na donge hilo likipanda kichwani litamletea kiharusi. Presha anayo tangu zamani. Aliandikiwa wafarini, kidonge kimoja kila jioni, akapewa na kadi ya kupimwa damu kila baada ya wiki chache.

Miezi minne mambo yalikwenda. Siku ya kliniki nafunga kibanda, tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunapanga foleni, tunarudi mchana. Dawa na kipimo nalipa mfukoni. Nilimwachisha sukuma wiki kwa sababu nilisikia mboga za kijani zinapigana na dawa hiyo. Kisha mwezi wa Machi rafiki yake waliyefanya kazi pamoja alifariki. Wanasema alitapika damu, na alikuwa akimeza dawa kama hii. Tulikwenda mazishini. Wiki ileile baba aliweka kopo la dawa mezani akasema, "Hii ni sumu ya panya, nimeambiwa. Mimi si panya. Nilizaliwa na damu nzito, nitazikwa nayo." Tangu siku hiyo hajagusa kidonge, na kliniki hataki kusikia.

Nilimsihi, nikalia, nikamwita mchungaji. Ni ukaidi mtupu. Kaka yangu mkubwa yuko Mombasa; alinipigia simu akasema nisimsumbue mzee, nimpe ile aspirini ndogo kila siku kwa kuwa haina madhara, na kwamba mtu mwenye magoti mabovu kama baba akianguka huku anatumia wafarini atavuja damu mpaka afe.

Mama, tuna jirani aliyepigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Kila asubuhi nikitoka namwona ameketishwa mlangoni, mdomo umepinda, mkono umelala mapajani kama si wake, mkewe anamfuta mate. Nilishindwa kuvumilia. Jioni moja nilisaga kidonge kwa kijiko nikakikoroga kwenye uji wa wimbi wenye ndimu. Baba akanywa, akaniambia, "Uji wa leo umeiva." Sasa ni wiki ya saba, na kila jioni nafanya vivyo hivyo. Vidonge nanunua kwenye duka la dawa nikionyesha kadi ile ya zamani.

Nikimwona asubuhi anashuka ngazi kwenda kanisani, nasema moyoni nimemwokoa. Usiku silali. Wiki iliyopita alisema jino linamsumbua, na Alhamisi ijayo anakwenda kung'olewa. Magoti yakimzidi humeza diklofenaki anazonunua mwenyewe. Juzi niliona alama nyeusi mkononi mwake, kubwa kama sarafu ya shilingi kumi. Akasema amejigonga mlangoni.

Nikimwambia ukweli, hatakula tena chakula changu. Nikiacha na akapigwa na kiharusi, nitajua ni mimi niliyeacha. Nifanye nini?

Binti wa Umoja

MAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Baba ana moyo unaoweza kumletea kiharusi, kuna dawa ya kumkinga, naye ameikataa akiwa na akili zake. Wewe unayemwona jirani mlangoni kila asubuhi umeshindwa kukubali hilo, ukatafuta njia ya kumpa bila yeye kujua. Sasa njia hiyo yenyewe inakunyima usingizi. Sikulaumu. Mtu asiyempenda baba yake hasagi dawa kwa kijiko saa moja jioni baada ya kutwa nzima Gikomba.

Kabla sijagusa suala la kumwambia au kutomwambia, kuna jambo lisiloweza kungoja hata wiki. Umesema miezi minne ya mwanzo alikuwa akipimwa damu. Wiki hizi saba hajapimwa, kwa sababu kwa ufahamu wake hana dawa anayomeza. Wafarini si kama dawa ya presha ambayo kidonge kilekile humfaa mtu mwaka mzima. Kiasi kinachomkinga mtu na kiasi kinachomvujisha damu vinakaribiana sana, ndiyo maana ipo kadi ile. Kipimo kinaitwa INR, na kwa watu wengi wenye tatizo la baba yako madaktari hutaka kisome kati ya 2 na 3. Kikishuka chini yake, donge linaweza kuganda. Kikipanda sana, damu inaweza kutoka puani, tumboni, hata kichwani. Leo wewe, mimi na baba yako hatujui kinasoma ngapi.

Hapohapo kuna diklofenaki. Dawa za maumivu za jamaa hiyo, pamoja na Brufen, hukwangua utando wa tumbo, na zikikutana na wafarini hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Hata alama ile mkononi huenda ni mlango kweli. Huenda pia ni damu inayosema.

Na Alhamisi kuna jino. Mara nyingi jino moja hung'olewa bila hata kusimamisha wafarini, mradi daktari wa meno anajua, INR imepimwa siku moja au mbili kabla na iko chini ya 4. Lakini daktari atamwuliza mzee, "Unatumia dawa yoyote ya damu?" Naye, mtu mkweli, atajibu hapana. Akimaliza anaweza kuandikiwa Flagyl, na Flagyl huipa wafarini nguvu zaidi.

Kwa hiyo naomba kesho asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, upige simu au ufike kliniki iliyompa dawa. Waeleze yote, pamoja na uji. Usijiongezee wala kujipunguzia dozi kwa kukisia; wao ndio waseme kidonge cha kesho jioni kiwepo au kisiwepo, na kuhusu cha leo, kama wana nambari ya dharura, uliza leo hii. Watakusikiliza, wauguzi wamesikia makubwa kuliko haya. Nimekuwa mmoja wao kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Na kabla ya kwenda, au wakati wowote, ukiona kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokoma, kutapika damu, au akilalamika kichwa kimempasuka ghafla, usingoje simu ya mtu. Mpeleke hospitali na useme mlangoni kabisa: amekuwa akinywa wafarini. Ipo dawa ya kuizima, vitamini K ni mojawapo, lakini hawatampa kama hawajui.

Sasa tuzungumze taratibu.

Umeandika kwamba ni ukaidi mtupu. Nimejiuliza. Baba alimeza dawa hiyo miezi minne bila kelele, akaamka alfajiri, akapanga foleni, akaacha sukuma wiki, na kwa mzee wa Kitaita au wa kabila lolote Kenya hii kuacha sukuma si jambo dogo. Aliacha dawa wiki aliyomzika rafiki yake. Mimi naona hapo mtu aliyeogopa. Labda alisimama kando ya kaburi akahesabu kwamba wa pili ni yeye. Umewahi kumwuliza habari za rafiki huyo? Sisemi habari za dawa, nasema habari za yule mtu mwenyewe, walivyokuwa wakilala stesheni moja na kugawana chakula. Na je, hukuwahi kumwona akikuangalia siku unapofunga kibanda? Wazee wengine hukataa dawa kwa kuwa wameona mtoto wao anakosa mauzo ya siku nzima kwa ajili yao, na hawana njia ya kulisema hilo bila aibu. Huenda nakosea. Wewe ndiye unayekaa naye.

Kuhusu sumu ya panya, usimwambie ni uongo, kwa sababu si uongo. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na Marekani kaskazini walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Baadaye mkemia Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waligundua kitu ndani ya majani hayo kinachozuia damu kuganda. Wafarini ilitokana na kazi hiyo. Ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na rais wa Marekani wa wakati huo, Eisenhower, alitumia dawa hiyo alipopata mshtuko wa moyo mwaka 1955. Panya hufa kwa sababu anaila siku baada ya siku bila mtu kumpima. Baba aliwekwa kwenye kadi ili yasimpate ya panya. Nadhani hii ni hoja ambayo mtu wa reli, aliyeishi kwa ishara na vipimo, anaweza kuielewa kuliko mahubiri ya mchungaji. Lakini naisema kwako kwa upole pia, maana katika wiki hizi saba kadi ndiyo iliyokosekana.

Kaka yako naye anastahili jibu la heshima, kwa sababu woga wake si wa kijinga. Ni kweli mtu anayetumia dawa hii akianguka na kugonga kichwa ni lazima apelekwe hospitali hata kama anajisikia mzima. Lakini watafiti wa Kanada walipiga hesabu mwaka 1999, wakaona kwamba mzee mwenye mapigo ya aina hii angelazimika kuanguka karibu mara 300 kwa mwaka ndipo hatari ya damu kuvujia kando ya ubongo izidi faida ya wafarini. Hiyo ni hesabu ya wastani, haikumjua baba yako. Inatuambia tu kwamba magoti mabovu peke yake hayatoshi kuwa sababu.

Na aspirini haifai kuitwa dawa isiyo na madhara. Donge la baba linaganda kwa namna yake. Vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kusukuma, damu inatuama kwenye kijifuko kidogo cha chumba cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Hapo aspirini ina nguvu ndogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, wa wagonjwa zaidi ya 5,500 walioonekana hawafai kupewa wafarini, ulilinganisha aspirini na dawa mpya iitwayo apiksabani. Kwa mwaka mmoja, karibu watu 4 kati ya kila 100 waliokuwa kwenye aspirini walipata kiharusi au donge sehemu nyingine ya mwili. Kwa apiksabani walikuwa chini ya 2. Kutokwa damu kukubwa kulikaribiana pande zote mbili. Kaka anadhani anachagua njia isiyo na damu, na kinga ndiyo inayopungua.

Woga wako wewe una msingi. Mtu mwenye mapigo haya ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiyenayo, na wafarini iliyopimwa vizuri huondoa takriban theluthi mbili ya hatari hiyo. Umri wa baba na presha yake vinamweka kwenye kundi ambalo madaktari hupendekeza dawa. Lakini theluthi mbili si yote. Hata angemeza kila kidonge kwa mkono wake, ningekudanganya nikisema hatapata kiharusi kamwe. Uzito unaoubeba, kwamba akipigwa na kiharusi ni wewe uliyeacha, ni mzito kuliko ukweli wenyewe.

Wafarini sio njia pekee pia. Apiksabani, rivaroksabani na dabigatrani hazihitaji kipimo kile cha kila mara wala hazigombani na mboga. Kwa mzee aliyechoka na foleni hilo linaweza kubadilisha mambo. Zina masharti yake. Bei kwa kawaida ni kubwa kuliko ya wafarini, figo hupimwa, nyingine humezwa mara mbili kwa siku, na nguvu yake huisha upesi. Akiruka siku moja anabaki bila kinga. Na kama vali ya moyo wake, yaani mlango wa kupitisha damu, imebana kutokana na ile homa ya utotoni inayoharibu moyo, ambayo Kenya tunayo nyingi, au amewekewa vali ya chuma, wafarini ndiyo inayofaa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 uliolinganisha rivaroksabani na dawa za jamii ya wafarini kwa wagonjwa ambao moyo wao uliharibiwa na homa hiyo ulionyesha hivyo. Kwa hiyo uliza kliniki: picha ya moyo ilionyesha nini kwenye vali? Hilo hukulitaja kwenye barua.

Mboga nayo. Sukuma wiki, kunde na terere zina vitamini K, na vitamini K hupunguza nguvu ya wafarini. Lakini haikulazimu kumnyima. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kulingana na hicho. Waambie kliniki unataka kumrudishia sukuma, wapime wakijua hivyo.

Nimebakiza lile zito. Unaona njia mbili tu, kumwambia akukimbie au kunyamaza umwokoe. Unaposema hatakula tena chakula chako, una hakika? Ni mtu aliyekaa na wewe miaka yote hii. Huenda akanuna wiki mbili. Huenda akaumia zaidi ya hapo, siwezi kukuahidi. Lakini kuna siku anaweza kuyajua kwa mdomo wa mtu mwingine, mfamasia au daktari aliyeona damu haikomi, na sijui kama hiyo haitamuuma zaidi.

Nitakuambia langu. Mama yangu alipokataa dawa za presha, nilimpa nikimwambia ni vitamini. Akazipenda. Siku moja nikamkuta amemgawia jirani yake aliyekuwa na kizunguzungu, "vitamini za binti yangu". Jirani hakudhurika, Mungu alimhurumia. Mama hakukosea chochote siku ile. Mtu hawezi kujilinda na dawa asiyoijua.

Unaweza kumwambia wewe mwenyewe, nyumbani, watoto wamelala. Faida yake ni kwamba hatoaibika mbele ya mtu. Hatari ni kwamba mkigombana hakuna wa katikati. Unaweza kumwambia kliniki, mbele ya muuguzi anayemheshimu. Hapo maswali yake ya rafiki aliyekufa yatapata mtu wa kuyajibu, lakini anaweza kuona amewekewa mtego. Au kliniki inaweza kukusaidia usimamishe dawa, nawe umwombe tu arudi kuongea na daktari, ukilishika la uji moyoni kwa muda. Hiyo ni nyepesi leo. Sijui itakuwa nzito kiasi gani mwakani, na tena daktari wa meno ni lazima ajue siku hizi za sasa, kwa hiyo siri haiwezi kuwa kamili.

Katika njia zote tatu anaweza bado kusema hapana. Hata daktari haruhusiwi kumtibu mtu mzima mwenye akili timamu bila ridhaa yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema hivyo. Kama umeona baba anasahau, anachanganya siku, anawaita watoto kwa majina ya wengine, hilo ni jambo jingine na daktari alisikie. Kama ana akili zake, basi hapana yake ni ya mtu anayejua anachokataa, na mnaweza kuirudia tena baada ya mwezi, na tena. Hapana ya Machi ilikuwa ya msiba. Hujawahi kuisikia ya siku ya kawaida.

Leo jioni chukua karatasi uandike: siku uliyoanza, vidonge vingapi kwa jioni na vya miligramu ngapi, jioni ulizoruka kama zipo, diklofenaki anameza mara ngapi, presha yake anatumia dawa gani, alama ile umeiona lini. Usipitie duka la dawa kwanza. Nenda kliniki na karatasi hiyo na kadi. Halafu niandikie, hata mistari miwili, uniambie kipimo kimesoma ngapi.

Mama Mshauri